Mchungaji, Rungu na Saini ya Mama

Ukishaiacha Kitengela nyuma na kabla hujafika Isinya, pale Kisaju, kuna kibanda cha chai kando ya barabara ya Namanga ambako upepo hauna adabu. Huingia chini ya mabati bila hodi, ukatia vumbi kwenye mandazi na kupeperusha gazeti la mteja hadi kwenye miiba. Lori la saruji kutoka Athi River likipita, meza hutetemeka na chai humwagikia sahani. Hapo ndipo nilipoketi Jumamosi moja asubuhi na mzee wa Kimaasai aliyekuwa na kinyongo.

Kinyongo chenyewe kilikuwa cha ekari tano. Mnunuzi alikuwa amekuja kutoka Nairobi na gari jeupe, bei ikakubaliwa, mawe ya mipaka yakaonyeshwa, kikabaki kibali cha bodi ya ardhi tu. Siku ya bodi ilipofika, afisa akamgeukia mama watoto, akamuuliza polepole kama anakubali shamba liuzwe. Mama akanyamaza. Akaulizwa tena. Akasema hapana. Faili ikafungwa, mwingine akaitwa.

"Miaka arobaini nimekaa naye," mzee akaniambia. "Sijawahi kumsikia akisema hapana mbele ya watu."

Nikamuuliza nani aliyeleta sheria hiyo. Nilitarajia ataje wabunge, au mashirika ya wazungu, maana hao hubebeshwa lawama nyingi huku. Mzee akalirudisha shuka begani, akasema: "Wachungaji. Wale waliokuwa wakigombana na Moi. Hao ndio walituletea haya."

Kwake yeye yalikuwa malalamiko. Masikioni mwangu yalisikika kama barua ya shukrani iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya. Na jina lililonijia pale pale, kabla sijameza chai, ni la Mchungaji Timothy Njoya.

Wakenya wa rika langu wanamjua kwa picha moja. Ni Alhamisi, tarehe 10 Juni 1999, siku ya kusomwa kwa bajeti, nje ya majengo ya Bunge jijini Nairobi. Mchungaji yuko chini kwenye lami, na wanaume waliovaa kiraia wanampiga. Watu waliwahesabu kuwa wa lile kundi la wafuasi wa Moi lililoitwa Jeshi la Mzee. Alikuwa amekwenda pale pamoja na waandamanaji waliopinga kazi ya kuandika katiba mpya iachiwe wabunge peke yao. Picha hiyo ilizunguka dunia. Kila Saba Saba, tarehe 7 Julai, ikikaribia, mtu huirusha tena kwenye simu, na vijana wa Kitengela huuliza: huyu ni nani?

Picha kama hiyo ina ubaya wake. Humfanya mtu awe tukio la dakika mbili. Aliyezaliwa 1941 na kuvuka miaka themanini akakunjwa akawa mwili mmoja ulioanguka siku moja ya Juni. Hatuulizi alikotoka, wala alichofanya alipoinuka, ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichofika hadi kwenye ile bodi ya ardhi.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Njoya alikuwa mvulana wa miaka kumi na moja hivi. Rika lake lilijifunza mapema kwamba serikali inaweza kuingia nyumbani kwenu, ikamtoa baba na kuwaacha mama na watoto nje ya mlango. Alipokua alijiunga na utumishi katika Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, PCEA kama wanavyolijua wengi, akasomea theolojia Limuru, na katika miaka ya 1970 akawa Marekani, kwenye seminari ya Princeton, alikopata shahada ya uzamifu.

Tuipe miaka hiyo uzito wake. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili 1968 akiwa na miaka 39. Kanisa la Wamarekani weusi lilikuwa limeshaonyesha kwamba mimbari inaweza kumtoa mbunge jasho. Lakini nikiitazama ile harakati kutoka huku, kinachonivutia zaidi ni wale waliobaki hai. Mchungaji Joseph Lowery, aliyekuwa bega kwa bega na King katika harakati, alifariki Machi 2020 akiwa na miaka 98. James Lawson, aliyewafundisha wanafunzi wa Nashville kukaa kwenye viti vya hoteli za wazungu wapigwe wasirudishe, alifariki 2024 akiwa na 95. Shujaa anayeuawa mapema ana nafuu moja chungu: haulizwi sana alikuwaje nyumbani. Anayezeeka huulizwa. Watoto wanakua, wanamtazama, wanalinganisha mahubiri na meza ya chakula. Uzee ni mtihani ambao waliouawa hawakuukalia.

Njoya aliukalia.

Miaka ya 1980 ilimkuta Nairobi, katika kanisa la St Andrew's, waumini wake wakiwemo mawakili, maafisa wa serikali na watu waliojua kusoma katikati ya mistari. Ilikuwa enzi ya Nyayo, utawala wa Rais Moi. Tangu Juni 1982 Kenya ilikuwa na chama kimoja kisheria, kwa kile kifungu cha 2A kilichochomekwa kwenye katiba, na watu walijifunza kuzungumza huku wakitazama mlangoni. Mchungaji akawa anahubiri mambo ambayo wengine waliyanong'ona bafuni. Alihamishwa kutoka jijini, akasimamishwa na kanisa lake mwenyewe, akarudishwa. Wazee wa kanisa nao walikuwa na simu zao zilizolia usiku.

Mwaka 1986 ukaja mlolongo. Kijana anayepiga kura leo kwenye kisanduku chenye pazia hawezi kuujua mlolongo mpaka aelezwe taratibu. Mawakala walisimama uwanjani na picha za wagombeaji. Wewe mpiga kura ulijipanga nyuma ya picha ya mtu wako, juani, chifu akitazama, mwajiri akitazama, mwenye duka anayekukopesha unga akitazama. Aliyepata asilimia 70 ya watu kwenye mlolongo alipita bila kura ya siri kufanyika tena. Na wakati mwingine, kama walivyoshuhudia wengi katika uteuzi wa 1988, mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na hakukuwa na karatasi ya kuhesabu upya. Gazeti la kanisa lililoitwa Beyond lilipoandika juu ya wizi huo lilipigwa marufuku, na mhariri wake Bedan Mbugua akafungwa.

Wachungaji waliupinga mlolongo kupitia Baraza la Kitaifa la Makanisa, na hoja iliyosikika sana ilikuwa kwamba mchungaji hawezi kujipanga nyuma ya mwanasiasa mbele ya kondoo wake. Ilikuwa hoja ya haki, ila ndogo. Kubwa zaidi, nionavyo mimi, ilikuwa ya mke. Kura ya siri ni mahali pa kwanza ambapo mwanamke wa kijijini aliweza kusema hapana bila mumewe kujua. Mlolongo ulimnyang'anya hata hicho kijisehemu. Alisimama nyuma ya picha aliyoielekea mumewe, au akalala nje. Yule mama wa Kisaju aliyenyamaza mara ya kwanza na kukataa mara ya pili, nilipokuwa nikimsikia kupitia kinywa cha mumewe, nilimwona ametoka kwenye ule mstari.

Njoya hakuwa peke yake, na si haki kumsimulia kana kwamba wengine walilala. Askofu Henry Okullu alikuwa Kisumu, akisema na kuandika tangu miaka ya 1970. Askofu David Gitari alivamiwa nyumbani kwake Kirinyaga usiku wa Aprili 1989. Akapanda juu ya paa, akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri mmoja hadharani asikanyage Busia, kwamba akienda huenda asirudi hai. Alikwenda, na tarehe 14 Agosti 1990, njiani akirudi, gari lake likagongana na lori, akafa. Ukiyatazama majina hayo pamoja unaona kwamba serikali iliwaogopa zaidi wenye mahali pa kusimama kila Jumapili, mbele ya watu mia tano, bila kuomba leseni ya mkutano.

Halafu ikafika tarehe 1 Januari 1990. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka Novemba. Nicolae Ceaușescu wa Romania, mtawala wa chama kimoja, alikuwa ameuawa kwa risasi siku ya Krismasi, wiki moja tu kabla. Katika mahubiri ya mwaka mpya Njoya aliwaambia waumini kwamba yaliyowapata watawala wa Ulaya Mashariki yanaweza kuwapata na wa Afrika walioshikilia chama kimoja. Leo unaisoma hoja hiyo na kuiona ya kawaida kama salamu. Wakati ule mawaziri walipigana vikumbo kumlaani, wengine wakitaka atiwe kizuizini. Miezi michache baadaye Kenneth Matiba na Charles Rubia wakadai vyama vingi hadharani, wakakamatwa Julai, na Saba Saba ya kwanza ikawaka Kamukunji. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa.

Hapa wasimulizi wengi huruka moja kwa moja hadi uchaguzi wa 1992. Mimi nataka tukae kidogo na akina mama.

Mwisho wa Februari 1992 kundi la wanawake, wengi wao wazee wa vijijini, waliketi kwenye kona ya bustani ya Uhuru, Nairobi, wakagoma kula. Walitaka wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa nao. Polisi walipowavamia kwa marungu na vitoza machozi, baadhi ya mama hao walivua nguo. Kwa mila za watu wengi wa Kenya, mama kumvulia nguo mtu wa umri wa mwanawe ni laana isiyo na dawa. Kuna askari waliogeuza nyuso. Akina mama wakafukuzwa, wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, na wakakaa chini ya kanisa lile karibu mwaka mzima, wakipika, wakiomba, wakisubiri. Wafungwa wakatoka, mmoja mmoja na kwa makundi.

Huo ndio uliokuwa mkutano wa haki za kiraia na familia, mahali pamoja, chini ya dari moja. Hawakuwa na chama wala ilani. Kila mmoja alidai mtu mmoja, kwa jina alilompa yeye mwenyewe alipomzaa. Nadhani wachungaji wetu walijifunza kwa akina mama hawa kuliko wanavyokubali vitabuni.

Miaka mitano baadaye, tarehe 7 Julai 1997, kanisa hilo hilo lilivamiwa. Waandamanaji waliotaka mageuzi ya katiba kabla ya uchaguzi walikimbilia ndani, polisi wakawafuata mpaka kwenye viti vya ibada, moshi wa vitoza machozi ukapanda hadi darini. Njoya alikuwa miongoni mwa waliopigwa vibaya humo. Damu ilikuwa sakafuni mwa nyumba ya ibada, na hata Wakenya waliokuwa wamekaa kimya kwa miaka kumi walisema sasa imetosha. Kwa hiyo kipigo cha Bungeni cha 1999 hakikuwa cha kwanza. Alikuwa anaijua njia ya hospitali.

Mwaka huo wa 1999 ndio ulituachia neno Wanjiku. Rais Moi aliuliza Wanjiku anajua nini kuhusu katiba, akimaanisha mwanamke wa kawaida wa kijijini. Wachoraji wa katuni wakamnyakua Wanjiku, wakamvika kitambaa kichwani, na tangu siku hiyo ndiye raia. Desemba wakristo, waislamu na wahindu wakakutana kwenye jumba la Ufungamano na kuanzisha mchakato wao wa katiba nje ya Bunge. Jina la jumba lilifaa kazi hiyo, kana kwamba lilikuwa linasubiri.

Sasa tuje kwenye kesi yake ya mahakamani. Wanaomkumbuka Njoya kwa rungu wanaisahau, na wanasheria wanaoikumbuka kesi wengine hawajui kwamba jina lililo kwenye faili ni la mchungaji. Mkutano wa katiba uliofanyika Bomas ulimaliza rasimu yake katikati ya Machi 2004. Sheria iliyokuwepo ilitaka rasimu ipelekwe Bungeni ipitishwe. Njoya na wenzake sita wakaenda Mahakama Kuu. Swali lao lilikuwa jepesi kusema na gumu kujibu: Bunge lililopewa kazi ya kurekebisha katiba linaweza kuifuta yote na kuleta nyingine? Tarehe 25 Machi 2004 majaji wawili, Aaron Ringera na Mary Kasango, wakasema haliwezi. Jaji Benjamin Kubo hakukubaliana nao. Uwezo wa kuunda katiba, ilisema mahakama, ni wa wananchi wenyewe, na njia ya kuutumia ni kura ya maoni.

Wengi waliotoka Bomas walikasirika. Waliona hukumu hiyo imeizuia rasimu yao na kuwapa nafasi wakubwa wa serikali mpya waichezee. Hawakukosea sana, kwa sababu rasimu iliyokuja baadaye ilikuwa imechezewa kweli, na Wakenya waliikataa tarehe 21 Novemba 2005, chungwa, alama ya Hapana, likaishinda ndizi, alama ya Ndiyo. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kutangazwa tarehe 27 mwezi huo ilipita mikononi mwa Wanjiku mwenyewe. Na 2021, Mahakama Kuu ilipousimamisha mpango wa BBI wa kubadili katiba, kesi ya Njoya ilirudi mezani, ikanukuliwa na mawakili ambao wengine walikuwa shule ya msingi ilipoamuliwa. Mahakama ya Juu ilipomaliza shauri Machi 2022 haikukubali kila lililojengwa juu ya kesi ile, ila hakuna aliyeweza kuipita bila kuisalimia.

Turudi Kisaju, maana chai inapoa.

Kaputiei yote hii, kuanzia Kitengela, ilikuwa nchi ya malisho ya pamoja. Sheria ya 1968 ikaleta ranchi za vikundi, na daftari la wanachama likaandikwa majina ya wenye boma, yaani wanaume, isipokuwa wajane wachache. Ranchi ya Kitengela ilipogawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, hati zikatoka kwa majina yale yale. Aliyekamua ng'ombe, aliyekandika nyumba kwa samadi na udongo, aliyejua kila kisima, hakuwa kwenye karatasi. Isitoshe, Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, iliacha nje ardhi ya kilimo na mifugo ya wilaya kadhaa za wafugaji, Kajiado ikiwemo. Huku mila ndiyo iliyoamua nani arithi, na binti hakuwa kwenye hesabu.

Kisha Nairobi ikaja. Ilikuja kwa vipande vya futi hamsini kwa mia, na vibao vya rangi vilivyopigiliwa kwenye migunga. Nyumbu waliozoea kutoka Mbuga ya Nairobi wakati wa mvua na kuteremka nyanda hizi wakakuta waya. Kuna familia zilizouza zikasomesha watoto hadi chuo kikuu, na zipo zilizouza zikanunua gari, gari likafa, na sasa wanachunga mbuzi kando ya lami, kwenye ardhi ya barabara. Wake wengi walijua shamba limeuzwa siku trekta lilipoingia.

Katiba ya 2010 ikasema wanandoa wana haki sawa wanapooana, wakiwa kwenye ndoa na ndoa inapovunjika. Ikasema ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe, hata ule wa mila. Sheria za ardhi za 2012 na ile ya mali ya ndoa ya 2013 zikaweka kanuni: nyumba na shamba la familia haviuzwi kwa siri ya mmoja. Ndipo afisa wa bodi akajikuta analazimika kumgeukia mama na kuuliza. Najua zipo saini zinazolazimishwa jikoni usiku wa kuamkia siku ya bodi. Zipo bodi ambako huletwa mke asiye mke. Lakini swali sasa linaulizwa kwa sauti, na jibu linaandikwa.

Mzee alikuwa na kosa moja katika lawama yake, nikamwambia. Makanisa mengi yaliyoipigania katiba miaka yote hiyo yaligeuka 2010 yakaipinga, kwa ajili ya vifungu vya utoaji mimba na mahakama za kadhi. Wachungaji walitandika kitanda, wakakataa kulala. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Kwa hiyo hata wao walishindwa na mama," akasema.

Lakini Njoya alikuwa ameshaenda mbele kwa njia nyingine. Mtu aliyepigwa mara zile zote angeweza kustaafu akaishi kwa kusimulia makovu. Yeye aligeuka akaanza kuwauliza wanaume habari za uanaume wao. Alianzisha shirika la wanaume wanaotaka usawa kati ya wanaume na wanawake, likijulikana kwa kifupi MEW, na kwa miaka akawa anakaa na wanaume, polisi na wachungaji wakiwemo, akiwafafanulia kwamba mkono unaompiga raia barabarani na mkono unaompiga mke chumbani ulifunzwa mahali pamoja. Wenye harakati baadhi waliona mzee amepotea njia, ameacha siasa kubwa na kushika mambo ya jikoni. Nadhani hawakumwelewa. Yule kijana aliyesimama juu yake nje ya Bunge hakuzaliwa na rungu. Kabla hajawa wa jeshi la mtu alikuwa mtoto wa mtu, kwenye nyumba fulani, akitazama.

Na hapa Kajiado hayo si nadharia. Kwa miongo kadhaa shule ya msingi ya wasichana ya AIC mjini Kajiado imepokea mabinti waliokimbia kukeketwa na kuozwa wakiwa wadogo, wengine wakifika usiku bila viatu. Wanaume waliowaoza hawakuwa majambazi. Walikuwa baba zao, wenye heshima zao kwenye baraza, na wengine hukaa viti vya mbele kanisani. Sheria ya 2011 iliyopiga marufuku ukeketaji inaweza kumfunga baba. Haiwezi kumketisha chini ya mgunga na kumuuliza anaogopa nini binti akibaki alivyoumbwa. Kazi hiyo inataka mwanaume mwenzake, tena mzee, tena aliyewahi kupigwa asirudishe, ili wasimwambie ni mwoga.

Kuhusu nyumba yake mwenyewe sitasema mengi, maana sijawahi kuketi mezani kwake. Lakini mti hujulikana kwa matunda, na tunda moja linajulikana nchi nzima. Wandia Njoya, bintiye, ni msomi wa fasihi ambaye kwa miaka amefundisha Chuo Kikuu cha Daystar, chenye kampasi yake kule Athi River, ng'ambo ya nyanda hizi. Ameupinga mtaala wa shule wa CBC tangu mapema, wakati wengi walikuwa bado wanauliza herufi hizo ni za nini, na hukosoa serikali, wafadhili, vyuo vikuu na kanisa bila kuchagua. Unaweza kutokubaliana naye, nami mara nyingine sikubaliani. Lakini hakuna anayeweza kusema alifundishwa kunyamaza. Katika nchi yenye mashujaa wengi wa ukombozi ambao kwao nyumbani hakuna aliyethubutu kuwajibu, hilo nalihesabu kuwa ushahidi mzito kuliko medali.

Jua lilikuwa limepanda. Mwenye kibanda, mama mwenye shanga shingoni na simu mbili mfukoni, alikuja kukusanya vikombe. Mzee alilipa chai yake na yangu, akakataa nitoe hata shilingi. Tulipoinuka aliniuliza, kama mtu anayemalizia hesabu:

"Huyo mchungaji wako. Ana watoto?"

"Anao. Yupo binti anayefundisha chuo, kule Athi River." Nikanyoosha kidole upande wa Lukenya, kulikokuwa na vumbi tu.

"Anaongea?"

"Sana, mzee."

Akatikisa kichwa polepole, akashika fimbo yake, akalifunga shuka dhidi ya upepo.

"Basi amekwisha," akasema, akavuka barabara kwenda nyumbani kwa mama watoto.